Mchanga Tuliomwaga Mumba

Hakuna mtoto wa Mang'ola wa rika langu ambaye hakujua kwamba jiwe jeupe lina mwanga ndani yake. Tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Unatafuta mawili yanayojaa kiganja, yale meupe yanayopitisha nuru kidogo ukiyaelekeza juani. Usiku usio na mbalamwezi unaingia nayo zizini au unajifunika shuka gubigubi, kisha unayasugua kwa nguvu zako zote. Hayarushi cheche. Jiwe lenyewe linawaka kwa ndani, rangi ya chungwa iliyopauka, kisha linazima kabla hujasema "ona". Mikono inabaki na harufu ya kitu kilichoungua. Wajanja walikuwa wakiyasugua ndani ya ndoo ya maji ili kuwashangaza wageni, maana hata majini yanawaka vilevile, na moto gani huo usiozimwa na maji?

Bibi yangu hakuupenda mchezo ule. Alisema tunaita nyoka. Nadhani alichochukia hasa ni kelele.

Jiwe hilo wataalamu wanaliita kwatzi, na Mang'ola limejaa tele. Limepenya kama mishipa myeupe katika miamba ya kale iliyozunguka Ziwa Eyasi, na watu wa zamani sana walilichonga wakapata visu, vikwaruzo na ncha za mikuki. Ndiyo sababu wageni wamekuwa wakija kwetu tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Mwanga ule haukuwaleta. Walikuja kutafuta vipande vilivyochongwa.

Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, darasa la saba nimemaliza kitambo, kazi yangu jembe. Karatu ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalikuwa matupu: sabuni foleni, sukari foleni, na foleni ya mafuta ya taa ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Nyumba nyingi zililala gizani saa moja usiku. Basi ilipovuma habari kwamba Mmarekani aliyechimba pale Mumba mwaka 1977 amerudi na anatafuta vibarua, hatukuuliza anatafuta nini ardhini. Tuliuliza kama analipa kwa wiki au kwa mwezi.

Mmarekani huyo alikuwa Michael Mehlman. Mumba ni mwamba mkubwa upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa Eyasi, umeinama kidogo ukaacha kivuli ambacho watu wamekuwa wakijisitiri chini yake kwa muda usio na kipimo, wakiacha majivu, mifupa na mawe yao, na vumbi likiwafunika. Matabaka hayo yanashuka karibu mita 9. Kabla ya Mehlman ulipita msafara wa Wajerumani, wa Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit, katika miaka ya 1930. Mwaka 1938 huyo mama ndiye aliyesimamia uchimbaji wa Mumba. Kati yetu vibarua alikuwamo mzee mmoja ambaye utotoni mwake aliwahi kubeba vikapu vya udongo kwa Wajerumani hao. Tulimwita Babu, na yeye alituita "wajukuu wa chekeche", kwa sababu sisi vijana ndio tuliokuwa tukichekecha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shimoni wanakaa wenye mikono myepesi, wanakwangua udongo kwa mwiko wa fundi mwashi, kidogo kidogo, wakiandika kila kina. Udongo unapandishwa kwa ndoo na kumwagwa kwenye chekeche lililowekwa juu ya miguu ya mbao. Wawili mnalishika, mnalitikisa, vumbi linawaingia puani mpaka jioni mkipiga chafya mnatoa tope. Kinachobaki juu ya waya ndicho chenye thamani: vipande vya kwatzi, meno ya swala, mifupa iliyovunjwa kwa ajili ya uboho, shanga ndogo za maganda ya mayai ya mbuni. Mara mojamoja kilionekana kipande cheusi kinachong'aa kama kioo cha chupa, na hapo shimo zima lilisimama kutazama. Hicho ni obsidiani, jiwe la volkano. Katika vile vilivyochunguzwa, vipo vilivyotoka upande wa Naivasha huko Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Nani alikibeba, alibadilishana na nini, sijui. Lakini alitembea.

Kinachopita kwenye waya ni mchanga. Huo ulikuwa takataka. Tuliusukuma kwa koleo hadi kwenye lundo nje ya mwamba, juani, na lundo likakua likawa kilima ambacho watoto waliteleza juu yake. Babu alituambia lundo la Wajerumani lilikuwa palepale. "Hawa nao wanamwaga tulikomwaga sisi," alisema. "Wazungu hubadilika, jalala halibadiliki."

Usiku tulilala kambini, na taa moja ya chemli ilikuwa ya wenyewe. Jioni moja vijana wawili wa kwetu wakaanza ule mchezo wa mawe ili kumwonyesha mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo aliyekuwa na kikosi. Mwanafunzi yule aliruka. Akaomba warudie, akaomba tena, akajifunika turubai pamoja nao, mtu mzima, akicheka kama mtoto. Kisha akanieleza jambo nililolichukulia kuwa porojo za kupitisha usiku: kwamba huko Uingereza, Oxford, wapo watu ambao kazi yao ni kusaga vigae vya vyungu vya kale, kuvipasha moto ndani ya giza na kupima mwanga unaotoka. Chungu kikitoa mwanga mwingi ni cha zamani, ukiwa kidogo ni cha juzi. Nilimwuliza kama wanalipwa kwa hilo. Akasema ndiyo. Nikasema basi na sisi tulipwe.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jambo lenyewe lina historia ndefu. Mwaka 1663 mwanasayansi Robert Boyle alipanda kitandani na almasi ya kuazima, akaibana kwenye mwili wake gizani, ikang'aa kwa joto la ngozi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwanafunzi yule chini ya turubai. Ila mwanga wa almasi ya Boyle na mwanga wa mawe yetu ya kusugua si mmoja, na ni haki kutofautisha. Ukisugua kwatzi unavunja fuwele, na katika ufa ule chaji za umeme hutengana na kukutana tena kwa ghafla. Mwanga wa kupasha moto, na ule nitakaoueleza, unatoka katika kitu kilichowekwa akiba ndani ya jiwe kwa karne nyingi. Ni ndugu, lakini si mapacha.

Kazi ilipofungwa nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka mizigo kwenye korongo la Olduvai. Nilikuwa sijawahi kuvuka lango la Ngorongoro, ingawa nilikulia chini ya mlima huo. Tulipanda kutoka Karatu kwenye utelezi wa udongo mwekundu, msitu ukatufunga kwa ukungu, kisha tukatokea ukingoni na kuiona kreta nzima chini, mita 600 za mteremko. Wenzangu walitafuta tembo kwa macho. Mimi nilipigwa na kuta zenyewe, na wazo kwamba shimo lote lile lilikuwa mlima uliojibomokea ndani.

Olduvai watu huenda kutazama mahali ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Nami nilionyeshwa. Lakini mwenyeji wetu, mtu aliyezoea kufuatana na wanajiolojia korongoni, alinishusha hadi chini kabisa kwenye jiwe jeusi la lava ambalo watalii hulikanyaga bila kulitazama. Akasema hili nalo ni maarufu, pengine kuliko fuvu. Nilidhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Lava ikiwa bado moto haina usumaku wa kudumu. Inapopoa, vijichembe vya madini ya chuma vilivyomo hujipanga kufuata sumaku ya dunia ilivyo siku hiyo, vikagandia hapo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 Bernard Brunhes wa Ufaransa, na baadaye Motonori Matuyama wa Japani, walikuwa wamekuta mawe ambayo usumaku wake umeelekea kinyume, kana kwamba kuna enzi ambapo dira ingeonyesha kusini. Wengi hawakukubali. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya lava ile ya chini ya Olduvai: usumaku wake umeelekea kama wa leo, ingawa umri wake unaangukia katikati ya enzi ndefu ya kinyume. Maana yake sumaku ya dunia iligeuka, ikakaa kwa muda, ikageuka tena. Kipindi hicho kifupi, kati ya miaka takriban milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita, kikapewa jina la Olduvai. Kifupi kwa dunia, maana kilidumu miaka ipatayo 170,000. Leo mtu anayechunguza matope ya chini ya bahari ya Pasifiki, ambaye hajawahi kusikia neno Karatu, hutamka jina la korongo letu kila anapohesabu matabaka yake. Mwaka 1970 Grommé na wenzake walichapisha pia vipimo vya kuta za kreta ya Ngorongoro yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama wageni wetu kwa jicho jingine. Nilikuwa nikiamini wanakuja kutafuta vitu: fuvu, shanga, jino. Kumbe wapo wanaokuja kwa jiwe lisilo na kitu ndani yake, wakalisoma jiwe lenyewe.

Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaoa, nikalima vitunguu kama kila mtu wa Mang'ola mwenye kipande cha ardhi kinachofikiwa na maji ya chemchemi. Karatu ikawa wilaya. Barabara ya lami ikafika mpaka lango la Ngorongoro, na hoteli zikaota pembeni yake. Mumba kulinyamaza. Niliendelea kusoma kila kilichoniangukia, na nikajua kwamba umri wa matabaka yale tuliyoyachekecha ulikuwa ugomvi. Kaboni ya mionzi hufika mwisho wa uwezo wake kwenye miaka kama 50,000, na hata kabla ya hapo huyumba. Maganda ya mayai ya mbuni yalisema lake. Mifupa iliyopimwa kwa urani ilisema jingine, na mifupa haiaminiki kwa kipimo hicho kwa sababu hunyonya urani kutoka kwenye maji ya ardhini bila kufuata ratiba. Majibu ya tabaka moja yaliweza kupishana kwa makumi ya maelfu ya miaka. Tabaka lililogombewa zaidi ni lile waliloliita la tano, lenye zile shanga ambazo ni miongoni mwa kongwe zinazojulikana. Je, watu waliozitoboa waliishi lini? Bila jibu, shanga ni mapambo tu ya kuweka kabatini.

Mwaka 2005 timu ya Watanzania na Wahispania ililifungua upya shimo la Mumba. Halafu wakaja watu wa mwanga. Nilikuwa nimeitwa na uongozi wa kijiji kwa sababu nilijua ukuta wa zamani ulikuwa wapi, na kwa sababu mwalimu huitwa kwa kila jambo.

Sijawahi kuona uchimbaji wa namna ile. Hawakugusa chekeche. Shanga ikidondoka ukutani waliipokea kwa heshima, wakamkabidhi mwenzao, wakaendelea na yao. Walichukua mabomba mafupi wakayagongelea kwa nyundo ndani ya ukuta wa shimo, moja kwa kila tabaka, wakayachomoa yamejaa udongo, wakayaziba pande zote na kuyafunga kwa plastiki nyeusi haraka, chini ya turubai, wakihofia jua kama mtu anayehofia mvua juu ya unga. Kisha wakaingiza kwenye kila tundu chombo cha kupima mionzi ya udongo unaolizunguka. Nilimwuliza mmoja wao, kijana wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, wanachotaka hasa ni nini.

"Mchanga, mwalimu."

"Mchanga upi?"

"Huu wa kawaida. Kwatzi na feldispa. Punje nzimanzima."

Nilitazama nje ya mwamba, kwenye lundo. Lilikuwa limeota majani.

Nilielezwa mara nyingi kabla halijakaa kichwani, na nalieleza kama nilivyolielewa. Udongo wowote una urani, thori na potasiamu kidogo, na hizo hutoa mionzi bila kupumzika. Mionzi ikipita ndani ya punje ya kwatzi huzing'oa elektroni, na baadhi yake hunasa kwenye kasoro za fuwele zisiweze kurudi zilikotoka. Kadiri punje inavyokaa gizani ardhini ndivyo zinavyozidi kunasa. Ni kama mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja: ukijua maji yaliyomo na ukijua matone yanadondoka kwa kasi gani, utajua mtungi umekaa hapo tangu lini. Jua linaumwaga mtungi wote, na kwa kwatzi dakika chache zinatosha. Hivyo kinachohesabiwa ni muda uliopita tangu punje ilipoona jua kwa mara ya mwisho, yaani siku upepo ulipoileta pale chini ya mwamba na nyingine zikaifunika.

Maabara, ndani ya chumba chenye taa hafifu nyekundu, punje moja hupigwa na leza ya kijani. Elektroni zilizonasa zinaachiliwa, na zinaporudi mahali pake punje inatoa mwanga wake yenyewe, wa urujuanimno usioonekana kwa macho, dhaifu mno kiasi kwamba huhesabiwa chembe kwa chembe. Njia hii ya kuuliza kwa nuru badala ya moto ilipendekezwa na David Huntley na wenzake huko Kanada mwaka 1985, miaka minne baada ya sisi kumaliza kumwaga.

Na sumaku nayo inaingia hapa, jambo lililonifurahisha kuliko yote, maana lilinirudisha kwenye lile jiwe jeusi la Olduvai. Elektroni hizohizo zilizonasa zinaweza kuulizwa bila kuzifukuza. Kila elektroni iliyo peke yake ni kijisumaku. Ukiweka kipande cha jino la kale kati ya sumaku kali, karibu mara 10,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia hapa Ngorongoro, kisha ukakipitishia mawimbi madogo ya redio, vijisumaku hivyo hupinduka kwa pamoja kwenye kipimo fulani, na mashine inasoma vipo vingapi. Msingi wake uligunduliwa na Yevgeny Zavoisky huko Kazan mwaka 1944, na Motoji Ikeya wa Japani ndiye aliyeonyesha mwaka 1975 kwamba unaweza kutoa umri. Alianza na mawe yanayoning'inia pangoni. Kwa gamba la jino njia hii inafaa pale ambapo mwanga haufai.

Majibu ya mchanga wa Mumba yalichapishwa mwaka 2012 na Luke Gliganic wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, pamoja na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tabaka la tano likaangukia kati ya miaka takriban 57,000 na 49,000 iliyopita. Kwa sisi tuliowahi kuziokota shanga zile juu ya waya kwa vidole vyenye tope, hiyo si namba kavu. Watu wa kule kwenye ukingo wa Eyasi walikuwa wakitoboa maganda ya mayai na kuvaa shanga shingoni katika wakati ambao kwingine bado wataalamu wanabishana kama watu wa aina yetu walikuwa wamefika. Sisemi hayo kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno kidogo.

Kuna kinachonikera hata leo, na si wanasayansi. Wanafunzi wetu wanapelekwa Ngorongoro kutazama simba, wanapita Olduvai kwenye makumbusho kwa nusu saa, na mwalimu wao anawasomea bango. Mumba, ambako wangeweza kwenda kwa baiskeli kutoka vijiji vya jirani, hawaijui. Nami nilipofundisha sayansi darasa la sita niliwafungia watoto ndani, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikawapa mawe meupe. Mkaguzi alikuja akakuta darasa giza na watoto wanapiga kelele. Aliandika alichoandika.

Kabla watu wa mwanga hawajaondoka nilimpeleka yule kijana kwenye lundo. Nilitaka kujua kama mchanga wetu wa 1981 ungewafaa kitu, maana ulitoka kwenye matabaka yaleyale na ni mwingi kuliko mabomba yao yote. Akatikisa kichwa. Ulipita kwenye chekeche juani, mwalimu, akasema, saa yake ilirudi sifuri pale pale. Akafikiri kidogo, kisha akasema isipokuwa wa ndani kabisa, uliofunikwa siku hiyohiyo. Huo umeanza kuhesabu upya. Ukiuchukua gizani na kuupima vizuri utakupa mwaka mliomwaga, na chini yake pengine ule wa Wajerumani.

Nikamwuliza kwa nini asichukue bomba moja tu la hapo, nione kama mashine yao inasema kweli, kwa kuwa mimi ninayo tarehe. Akacheka, akasema ni wazo zuri sana, ila kila sampuli ina bajeti yake na hakuna mfadhili atakayelipa kuthibitisha kwamba mwalimu alikuwa kibarua.